Ile Nusu Nyingine Imekwenda Wapi?

Katika miaka yangu ya ualimu nimeulizwa maswali mengi, lakini lililoniumiza kuliko yote niliulizwa mwaka 2003 na mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge. Tulikuwa katika mkutano wa wazazi, hapa hapa Korogwe. Alisimama, akafunga kanga yake vizuri, akasema kwa upole: "Mwalimu, ile nusu nyingine imekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Leo ninalo, na nimeona ni haki niliweke katika kitabu hiki, pamoja na hasira kidogo ambayo uzee haujaipoza.

Mambo yalikuwa hivi. Shule niliyokuwa mkuu wake ilipewa kompyuta kumi zilizokwisha kutumika ng'ambo. Tulizipokea kwa ngoma, risala na soda. Nje ya kila moja palibandikwa karatasi yenye jina la prosesa na kasi yake, nami nikaisoma mbele ya wageni kama asomaye sifa za bwana harusi. Baada ya miezi michache, programu mpya zilianza kutushinda. Mfanyabiashara mmoja akatuambia dawa ni kuongeza kumbukumbu, yaani ramu. Nikaitisha mkutano, wazazi wakakubali kuchanga shilingi 1,500 kila mmoja. Wengi wao walikuwa watu wa mashamba ya mkonge ya huku kwetu Kwamndolwa na jirani zake, na shilingi 1,500 haikuwa fedha ya kuokota njiani. Tukanunua vijiti vya ramu vya megabaiti 128. Tulipovipachika, kila mashine ilihesabu 64.

Nilisoma taarifa hiyo kwa wazazi bila kuficha. Ndipo mama yule akasimama. Hakunitukana. Lakini ndugu msomaji, nilipoyatazama macho ya watu nikaelewa wanachofikiri: tumelipia 128, zimefika 64, mwalimu amekula 64.

Kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye wakati huo alikuwa fundi mjini, alikuja kunisaidia. Aliniamkia, akafungua kasha la mashine, akapuliza vumbi, akauliza: "Mwalimu, ubao huu una chipseti gani?" Nami kwa kiburi cha cheo changu nikamjibu: "Sisi tumeletewa kompyuta, hatukuletewa chipseti." Hilo ndilo jibu la kijinga kuliko yote niliyowahi kumpa mwanafunzi wangu.

Chipseti ni nini basi? Sisi watu wa Korogwe hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tangu mwaka 1963, reli ya Tanga iliunganishwa na Reli ya Kati kwa njia inayochepuka karibu na Mnyusi na kwenda hadi Ruvu. Injini yako inaweza kuwa na nguvu kama radi na mabehewa yako yakawa mia moja, lakini ukitoka Tanga kwa gari moshi kwenda Dar es Salaam, utapita hapo. Njia hiyo ikibeba kidogo, utabeba kidogo. Kwenye ubao mama wa kompyuta, chipseti ndiyo makutano hayo. Ni chipu chache ambazo kupitia kwao prosesa huifikia ramu, diski, kibodi na kioo. Prosesa ndiyo inayosifiwa, lakini chipseti ndiyo yenye kuruhusu.

Kijana yule alinieleza kwamba chipseti ya ubao wetu ilibuniwa wakati chipu za ramu zilikuwa ndogo. Vijiti tulivyonunua vilikuwa na chipu chache zenye ujazo mkubwa, na makutano yetu hayakuwa na njia za kutosha kufikia safu zote zilizomo. Akasema: "Nusu nyingine ipo, Mwalimu, unayo mkononi. Kilichokosekana ni njia ya kuifikia."

Aliyetengeneza ubao wetu simtaji, wala aliyetuuzia vijiti, kwa sababu kosa kubwa lilikuwa langu. Nitachukua mfano mwingine ulio wazi kwa dunia nzima, nao ni ukoo wa chipseti za Intel ulioitwa 430, uliohudumia prosesa za Pentium. Ulikuwa na ndugu wanne mashuhuri: 430FX wa mwaka 1995, 430HX na 430VX wa mwaka 1996, na 430TX wa mwaka 1997.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Ukoo huo ulifanya kazi njema. FX ilisaidia kuzieneza mashine za Pentium kwa watu wa kawaida. HX iliweza kubeba ramu ya megabaiti 512, kuendesha prosesa mbili, na kukagua makosa yanayotokea ndani ya kumbukumbu. VX na TX zilikubali ramu mpya ya aina ya SDRAM, na TX ikaongeza njia ya haraka zaidi ya kusomea diski.

Sasa sikiliza kasoro yake. Mashine zile zilikuwa na kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyowekwa karibu na prosesa, kama mwalimu anayeweka chaki na daftari juu ya meza ili asiende stoo kila mara. Chipseti za FX, VX na TX ziliweza kuhudumia kwa kashe hiyo ya ubaoni megabaiti 64 za kwanza za ramu tu. Hata hivyo TX yenyewe iliruhusu uweke ramu hadi megabaiti 256! Ukizidisha 64, eneo lililozidi lilibaki bila kashe. Na kwa kuwa Windows 95 ilikuwa na desturi ya kuanza kutumia kumbukumbu kutoka juu, kazi nyingi ziliangukia katika eneo hilo la polepole. Mtu alitoa fedha yake, akaongeza ramu, na mashine ikazidi kuwa nzito. Wakati huo huo HX, iliyotangulia kwa mwaka mmoja, ikiongezewa chipu ndogo ya kutunzia alama za kashe, iliweza kuhudumia megabaiti zote 512. Mdogo alizaliwa na kipaji pungufu kuliko kaka yake, lakini dukani alisifiwa kuwa ndiye mpya.

Je, hilo lilikuwa kosa la kiwandani? La. Lilikuwa uamuzi, na kikomo chenyewe kiliandikwa katika vitabu vya kiufundi vya chipseti hizo. Hapa ndipo ninapotaka kugombana na wenzangu. Kosa lina mwenyewe. Mei 2000 Intel iliwaita wateja warudishe mbao zenye chipseti 820 zilizotumia chipu ya kutafsiri kumbukumbu, kwa kuwa chipu hiyo ilikuwa na hitilafu. Januari 31, 2011 ilitangaza hitilafu katika chipseti za Mfululizo wa 6, ambazo baadhi ya njia zake za diski zingeweza kudhoofika kadiri muda unavyopita, ikakadiria dola milioni 700 kwa kutengeneza na kubadilisha. Mnunuzi mwenye risiti na anayejua jina la chipseti yake alikwenda akabadilishiwa. Kikomo hakirudishiwi fedha. Dawa yake ni moja tu: kuuliza kabla ya kupokea.

Na sisi hatuulizi. Nikilisema hili, hujibiwa mambo matatu.

La kwanza, kwamba zawadi haikaguliwi, ni utovu wa adabu. Mimi nasema zawadi inayomfanya mzazi maskini achange shilingi 1,500 imekwisha kuwa biashara, na biashara hukaguliwa. Tena mgeni akikuletea mbegu, humkosei adabu ukimwuliza hupandwa msimu gani.

La pili, kwamba dereva hahitaji kujua injini. Ni kweli dereva hahitaji kuichonga. Lakini dereva wa lori asiyejua gari lake linabeba tani ngapi si dereva, ni balaa barabarani. Sitaki mwalimu awe fundi. Nataka ajue uzito wa gari analokabidhiwa.

La tatu, kwamba hayo ni mambo ya kale. AMD tangu 2003 na Intel tangu 2008 walianza kuhamishia msimamizi wa ramu ndani ya prosesa yenyewe, na leo ramu nyingi zimechomelewa ubaoni. Naam, na ndiyo sababu swali limekuwa kali zaidi. Zamani ukikosea ulipoteza kijiti. Leo ukikosea umekosea mashine nzima. Baada ya Sensa ya 2022 walimu wengi nchini walikabidhiwa vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo, na nilifurahi sana. Lakini katika kishikwambi, chipseti na prosesa vimekuwa kitu kimoja kisichobadilishwa, na mara nyingi mwenye chipu akiacha kuihudumia, programu mpya za kifaa nazo hukoma. Ni walimu wangapi wanaojua jina la chipu iliyomo, au itahudumiwa mpaka lini?

Wala sisemi tufunge milango. Nchi yetu ilipata kompyuta ya kwanza mwaka 1965, ikafungwa Wizara ya Fedha, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wapo wanaoikumbuka marufuku ile kwa dhihaka. Mimi naona tulitoka katika kukataa bila kuuliza tukaingia katika kupokea bila kuuliza, na ugonjwa ni ule ule. Kuanzia 2005, kwa msaada wa Uswidi, vyuo vya ualimu 34 vya Serikali vililetewa kompyuta. Ni jambo kubwa. Lakini katika vyuo nilivyobahatika kuvitembelea, nilikuta wanachuo wakikariri sehemu za kompyuta kama tulivyokariri sehemu za panzi, na hakuna aliyefundishwa kufungua kasha akasoma kilichoandikwa juu ya chipu.

Ninachodai ni kidogo. Kila shule inapopokea kompyuta, kununua au kupewa, pawe na karatasi moja iliyojazwa na kutiwa saini: jina la chipseti, ramu ya juu kabisa inayokubalika na ya aina gani, na mwaka ambao huduma ya mtengenezaji itakoma. Karatasi hiyo isomwe mbele ya wazazi kabla ya ngoma, wala si baada yake. Na mkuu wa shule asiyejua kuijaza amwite kijana anayejua, amkalishe kwenye kiti, amsikilize.

Mama yule wa korona amekwisha kufariki. Kabla ya hapo nilimwendea nyumbani nikiwa na kijiti kimoja, nikamweleza habari ya makutano na njia pungufu. Alikigeuzageuza kiganjani, akasema: "Kumbe hukula, Mwalimu. Hukuuliza tu." Nikamwambia ndiyo, mama, sikuuliza. Wazazi wengine sikuwahi kuwaendea, na nadhani wapo ambao mpaka leo wanaamini nilikula. Siwalaumu. Kwa mtu aliyetoa fedha yake akapata nusu, kiongozi mwizi na kiongozi asiyeuliza wana sura moja.