Msimbo si Kodi

Imekuwa desturi, kila linapozuka suala la kufundisha kompyuta kwa Kiswahili, asimame mtu kutuambia kwamba mashine ile haisikii ila Kiingereza, na kwamba mwalimu atafutaye maneno ya Kiswahili anawapotezea wanafunzi wakati. Kauli hii huumiza zaidi kusini mwa mto Ruvuma. Mtoto wa Palma au wa Mocímboa da Praia hukua katika Kimwani, Kimakwe au Kiswahili. Akifika shuleni hukutana na Kireno. Kisha, akitaka kuiamuru kompyuta, huambiwa umebaki mlango mmoja, nao ni wa Kiingereza. Yatupasa kuuliza: mlango huo uliwekwa na nani?

Haukuwekwa na mashine. Ndani ya mashine hamna neno la taifa lolote. Mna hali mbili tu za umeme, ambazo kwa urahisi wetu twaziandika sifuri na moja. Maneno ya amri yaliyomo katika FORTRAN ya mwaka 1957, na katika BASIC iliyobuniwa katika Chuo cha Dartmouth mwaka 1964, yaliteuliwa na Wamarekani kwa kuwa ndiyo waliyokuwa nayo vinywani. Hawana lawama. Wenye lawama ni wale wanaotaka uteuzi huo uheshimiwe kama sheria ya maumbile.

Hebu tumtazame Grace Hopper, mwanamke aliyewatangulia wengi katika kazi hii. Katikati ya miaka ya 1950 yeye na wenzake waliwaonyesha wakubwa wa kampuni yao programu iliyoandikwa kwa maneno ya Kiingereza. Kisha wakaitoa programu ile ile kwa maneno ya Kifaransa, na tena kwa ya Kijerumani. Wakubwa wakafadhaika: mashine ya heshima, iliyoundwa Pennsylvania, itawezaje kufahamu Kijerumani? Hopper alisimulia baadaye kwamba iliwachukua miezi kuwatuliza mabwana hao kwa ahadi ya kutumia Kiingereza tu. Kiingereza, basi, kilibaki kwa hofu ya mabwana. Mashine yenyewe ilikuwa imekwisha kuzitii lugha tatu.

Waliotunga ALGOL mwaka 1960 walikwenda mbali zaidi, wakayahesabu maneno ya amri kuwa alama tu, ambazo zaweza kuandikwa kwa namna mbalimbali katika mashine mbalimbali. Mwaka 2012, huko New York, Ramsey Nasser alitunga lugha ya Qalb, ambayo amri zake ni za Kiarabu na huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. (Jina hilo ni moyo, ile kalbi ya malenga wetu.) Nayo Hedy, iliyoanzishwa Uholanzi na Felienne Hermans mwaka 2020 kwa ajili ya kufundishia, hupokea amri katika lugha nyingi. Anayesema haiwezekani ana kazi ya kutueleza haya.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Wenzetu wa Cabo Delgado husema código, kwa Kireno, na wapo wanaodhani neno hilo lilikuja pamoja na mashine. Asili yake ni Kilatini, codex: gogo la mti, kisha vibao vya kuandikia, kisha kitabu, kisha kitabu cha sheria. Kumbe ni ubao! Mtoto wa Ibo au Quissanga aliyeandika alifu yake juu ya ubao wa chuoni yu jirani wa neno hilo kuliko anavyoambiwa. Tena Kireno kina neno la maandishi ya siri, cifra, litokalo katika sifr ya Kiarabu, nayo ndiyo sifuri yetu. Wala pwani hiyo si ngeni katika maandishi. Katika hifadhi ya nyaraka ya Msumbiji, Maputo, zimo barua za karne ya 19 ambazo masheikh wa kaskazini waliwaandikia maofisa wa Kireno kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Wakati ule aliyehitaji mkalimani ni Mreno.

Na sisi waalimu twasemaje? Wengi wetu husema “kodi”. Neno hili silikubali hata kidogo. Kodi ni mali anayotoa mpangaji kwa mwenye nyumba, au raia kwa serikali. Na kusini mwa Ruvuma ni neno lenye historia chungu, kwani Wareno walitoza kodi ya nyumba na asiye nayo akapelekwa kazi ya lazima. Mwanafunzi “anaandika kodi” maana yake nini? Hata Tanzania, kampeni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilitujia na “postikodi”, ilhali msimbo lilikuwapo. Msimbo ni neno fupi, lina wingi wake, misimbo, wala haligombani na mwenye nyumba.

Nisidhaniwe kwamba natetea kila neno litokalo kiwandani. Wengine walishika tarakilishi, wengine ngamizi, na umma ukasema kompyuta; umma umeshinda. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, kazi kubwa ya kushukuriwa. Lakini kutafsiri vitufe si kufundisha utungaji wa programu. Kwa utungaji tunayo tayari amri, sharti, mzunguko na hitilafu. Na “ikiwa… basi… la sivyo” haihitaji kamati. Wanaosema kitanzi badala ya mzunguko wakamwulize mtega ndege: kitanzi hukaza, hakirudi mwanzo.

Yupo atakayesema: tangu Oktoba 2017 vita vimewakimbiza watu wa Mocímboa da Praia, na Machi 2021 Palma ikashambuliwa; nani huko ana haja na msimbo? Hoja hii naiheshimu kuliko zile nyingine. Lakini mtoto aliyepoteza miaka ya shule ndiye hasa asiyeweza kungojeshwa Kireno, kisha Kiingereza, ndipo afundishwe kupanga amri kumi kwa utaratibu. Na kupanga huko kwaweza kuanza kwa ubao na chaki, kompyuta isiwepo.

Msumbiji imekwisha kukiingiza Kimwani katika elimu ya lugha mbili, na Agosti 2019 SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne, kando ya Kireno. Nashauri chama chetu kiteue maneno hamsini, yasizidi, na yapitiwe kwanza na waalimu wa Palma, Mocímboa da Praia na Ibo kabla hayajapigwa chapa. Pale Kimwani kina neno lake, liandikwe kando ya la Kiswahili, kwani Kimwani si Kiswahili kilichoharibika. Na neno la kwanza katika orodha hiyo liwe msimbo.