Motisha ya Nani, Jasho la Nani?

Wapenzi wa lugha, Kiswahili hakina umaskini wa maneno ya kumlipa mtu. Tuna ujira, tuna kifuta jasho, tuna kiinua mgongo, tuna bakshishi na marupurupu. Kila neno lina hadhi na mipaka yake. Kifuta jasho hapewi asiyetoka jasho, na kiinua mgongo humtaka mpokeaji kwanza awe ameinama. Ajabu ni kwamba shirika linapoishi kwa fedha za umma, na wakubwa wake wakaongezewa donge juu ya mishahara, maneno hayo yote huwekwa kando, tukaambiwa ni "motisha". Sikio la mshairi halikosi kusikia "tisha" humo ndani.

Sisi wa Mafinga tuna haki ya kulisema hili. Misitu yetu hutoa nguzo za umeme. Mto Kihansi, uzungushao mitambo ya megawati 180, unaanzia vilima vya Mufindi. Hata hivyo, wengi wetu kwa miaka mingi tuliujua umeme kwa kuzitazama nyaya zikipita juu ya mapaa.

Mwaka 2002 uongozi wa TANESCO ulikabidhiwa kampuni ya Net Group Solutions ya Afrika Kusini. Wafanyakazi walipinga, na mameneja wapya wakaingia ofisini chini ya ulinzi wa polisi. Malipo ya kampuni hiyo yalikuwa ya namna mbili: ada maalumu, iliyogharimiwa na Sweden, na malipo ya mafanikio yaliyofuata ongezeko la mapato. Haki isemwe: makusanyo yalipanda, na wadaiwa sugu, taasisi za serikali zikiwemo, walikatiwa umeme. Lakini mizani hiyo ilipima fedha iliyoingia, haikupima taa iliyowaka. Mwaka 2006 ukame ulishusha maji ya Mtera, nchi ikaingia katika mgao, na mwishoni mwa mwaka huo mkataba ukakoma. Mafanikio yalikwisha kulipiwa. Giza likabaki letu.

Msidhani ni ugonjwa wa maskini tu. Septemba 2008 serikali ya Marekani iliiokoa kampuni ya bima ya AIG kwa mkopo wa dola bilioni 85, na msaada ukazidi kukua. Machi 2009 ikajulikana kuwa dola milioni 165 zimegawiwa kama bonasi kwa watu wa kitengo kilekile kilichoizamisha. Umma ulichachamaa hata Baraza la Wawakilishi likapitisha muswada wa kuzitoza bonasi za namna hiyo kodi ya asilimia 90. Watetezi walijibu kwamba mkataba ni mkataba. Naam! Msimu huohuo wafanyakazi wa viwanda vya magari, navyo vikisaidiwa na serikali, walitakiwa kulegeza mikataba yao. Kumbe mkataba wa mnyonge ni wa udongo, wa mkubwa ni wa chuma.

Ninachowadai malenga ni neno moja: ruzuku. Shina lake ndilo shina la riziki, yaani kile anachopewa mtu ili aishi. Anayeruzukiwa hana faida ya kugawa, kwa maana angekuwa nayo asingeruzukiwa. Basi donge linalotoka humo si tuzo wala si motisha. Ni kipande cha riziki ya wengine.

Kilichotoka jashoni, daima nakiheshimu,
Fundi aliye nguzoni, ujira wake lazimu,
Ila aliye kitini, huku hasara yadumu,
Tuzo apewe ya nini, Hazina ikimkimu?

Nimewahi kuambiwa kuwa huu ni wivu wa wasiojua uchumi. Sawa, mchumi na atujibu ubeti huu, kwa vina au kwa nathari, ila asitumie neno "motisha".