Sania Mirza: Tuliiona Sketi, Hatukumuona Binti



AlhamduliLlaah, sifa zote njema ni za Allaah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Maswahaba zake wote. Ama ba'ad,

Ndugu zetu wazazi, na nyinyi wanafunzi mnaotusoma, leo tunataka kusema jambo ambalo huenda likawakera baadhi yenu. Linamhusu binti wa Kiislamu kutoka India, Sania Mirza, aliyecheza tenisi ya kulipwa kwa miaka ishirini, toka 2003 mpaka 2023, na namna sisi Waislamu tulivyomfanyia. Hatuandiki ili tumsifu kwa kila alilolifanya. Wala hatuandiki ili tumtukane, kwani waliomtukana wanatosha. Tunaandika kwa sababu kosa tulilomfanyia yeye ndilo tunalowafanyia mabinti zetu majumbani mwetu, na hatulioni.

NI NANI HUYU?

Alizaliwa Mumbai tarehe 15 Novemba 1986, akalelewa Hyderabad, mji wa India wenye Waislamu wengi. Alishika raketi akiwa na miaka sita. Mama yake alipompeleka kwa kocha, kocha alisita kumpokea kwa udogo wake. Haukupita muda mrefu, kocha yule yule akawaita wazazi waje wajionee wenyewe, maana hakuwahi kuona mtoto wa umri ule akiupiga mpira vile. Baadaye baba yake, Imran Mirza, akawa mwalimu wake kwa miaka mingi. Yaani huyu si mtoto aliyetoroka kwao. Ni binti aliyeshikwa mkono na baba na mama.

Mwaka 2003 alishinda Wimbledon upande wa wasichana, katika mchezo wa wawili wawili. Februari 2005, akiwa na miaka 18, alishinda mashindano ya kulipwa mjini kwao Hyderabad, akawa mwanamke wa kwanza wa India kuchukua taji la mchezaji mmoja mmoja katika mashindano ya wanawake ya WTA. Mwaka huo huo alifika raundi ya nne ya mashindano ya Marekani. India nzima, Mabaniani na Waislamu, ilikuwa ikilitaja jina lake.

TULISEMA NINI SISI?

Septemba 2005 mwanazuoni mmoja huko India alitoa fatwa kuhusu mavazi yake uwanjani. Zikafuata habari kwamba kuna kundi litakalomzuia asicheze Kolkata. Polisi wakamwekea ulinzi mkali, binti wa miaka 18 akawa anakwenda mazoezini kati ya watu wenye silaha. Waliotajwa katika habari zile wakasema hawakuwa na nia ya kuvuruga michezo. Lakini maneno yalikwishatoka, na dunia nzima ikaandika kwamba Waislamu wanamtisha mtoto wao kwa sababu ya sketi.

Novemba mwaka huo huo ikaenea habari nyingine, kwamba Sania amehalalisha zinaa. Sanamu zake zikachomwa moto barabarani. Mwenyewe akatoa taarifa akaeleza kuwa hawezi kuitetea zinaa, kwani ni dhambi kubwa katika Uislamu. Taarifa ile ni wangapi kati yetu waliisoma? Tumeamrishwa katika Suratul-Hujuraat tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, kisha tukaja kujuta. Ni nani aliyejuta?

Na tusijitoe, ndugu zetu. Nasi tulikuwamo. Katika sisi wapo waliopokea picha zake kwa barua pepe, wakaandika juu yake "Astaghfirullaah, tazameni dada yenu", wakazituma kwa watu ishirini. Mtu anasema mwili huu haufai kutazamwa, na huku anausambaza utazamwe! Hapo ni nani anayeeneza uchafu, mchezaji aliyekuwa uwanjani au sisi tuliokuwa mbele ya kompyuta?

HUKUMU YA VAZI INAJULIKANA

Tuseme wazi ili asije mtu akatuwekea maneno mdomoni. Hijaab ni faradhi, na sitara ya mwanamke wa Kiislamu mbele ya wasio maharimu wake inajulikana. Hatumwombi Shaykh yeyote aibadilishe kwa ajili ya tenisi. Sketi ile haikuwa vazi la Kiislamu, na ushindi hauigeuzi kuwa halali. Mpaka hapo tuko pamoja na waliomkosoa.

Tunapoachana nao ni hapa.

Kwanza, katika Suratun-Nuur amri ya kuinamisha macho imewajia wanaume kwanza, aya ya 30, ndipo ikaja aya ya 31 kwa wanawake. Sisi tumeanza na ya pili na ya kwanza tumeisahau. Mwanamme anayeweza kukueleza urefu wa sketi ya Sania kwa inchi ajiulize ameupimaje.

Pili, jamhuri ya wanazuoni wanasema 'awra ya mwanamme ni baina ya kitovu na magoti. Sasa tuambieni, ni khutba ngapi mmesikia juu ya mapaja ya wachezaji mpira? Kila Jumamosi vijana wetu wanajazana vibandani kutazama ligi ya Uingereza, na wengine Swalah ya 'Aswr inawapita humo humo. Timu ya Liverpool ilibandika kifuani jina la bia toka 1992 mpaka 2010, na vijana wetu wakavaa jezi ile hadi msikitini, wakasimama safu ya mbele, na aliye nyuma yao akarukuu akiitazama. Hakuna aliyeandamana. Hakuna aliyechoma sanamu ya mtu. Ikiwa ghera yetu ni ya dini, mbona inaamka kwa binti na kulala kwa kijana?

Tatu, nasaha ina adabu yake. Mwenye kumtakia mtu kheri humfuata faraghani, humwambia kwa upole, na humsitiri kama anavyotaka yeye asitiriwe. Tulichokifanya sisi kilikuwa ni kumtangaza. Na mtu ukimtangaza hadharani humrudishi, unamsukuma mbali zaidi.

NA WALE WA UPANDE WA PILI

Wapo waliofurahi kwa fitna ile. Wakasema: "Mnaona? Uislamu na maendeleo ya mwanamke haviendi pamoja. Mvueni hijaab binti, atafika." Hawa nao hawakumuona Sania. Walikuwa wanatafuta fimbo ya kutupigia.

Na walipopata nafasi walimpiga yeye. Mwaka 2008 ilitolewa picha aliyokaa na miguu yake ikaonekana kuelekea bendera ya India, wakamshitaki kwa kuidharau nchi. Mwaka 2014 jimbo jipya la Telangana lilipomteua kuwa balozi wake, mwanasiasa mmoja akasema hafai, kwa kuwa ameolewa Pakistan. (Aliolewa mwaka 2010 na mchezaji kriketi wa huko. Januari 2024 familia yake ilitangaza kuwa wameshaachana.) Machozi yalimtoka kwenye televisheni akieleza kwamba yeye ni Muhindi na atabaki Muhindi mpaka mwisho wa uhai wake. Basi tazameni: kwetu hakuwa Muislamu wa kutosha, kwa wengine alikuwa Muislamu kupita kiasi.

Kama kweli tatizo lao ni maendeleo ya mwanamke, wangewapokea mabinti wanaojisitiri. Je, waliwapokea? Juni 2011 timu ya mpira ya wanawake wa Iran ilizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki kwa sababu ya kitambaa cha kichwani, wakalia uwanjani. FIFA haikuruhusu rasmi hijaab mpaka 2014, na mpira wa kikapu wa kimataifa mpaka 2017. Mwaka 2024 Ufaransa, wenyeji wa Olimpiki, iliwakataza wachezaji wake wenyewe kuvaa hijaab. Huyu anamwambia binti avue, yule anamwambia akae ndani. Binti mwenye kipaji na mwenye dini anapita wapi?

Na kumbe njia ipo! Ibtihaj Muhammad, Muislamu wa Marekani, alishinda medali ya shaba ya timu katika mchezo wa vitara, Olimpiki ya Rio 2016, akiwa na hijaab yake. Hata tenisi ya wanawake yenyewe, kuanzia msimu wa 2019 kanuni zake zilisema wazi kuwa mchezaji anaweza kuvaa suruali ya kubana bila ya sketi juu yake. Hatusemi hiyo ndiyo sitara kamili. Tunasema kanuni za michezo ni za watu, na watu wakidai zinabadilika. Lau nguvu zile tulizozitumia 2005 kumzomea Sania tungezitumia kudai haki ya binti kucheza akiwa amejisitiri, tungekuwa wapi leo?

TULIYOYAACHA BILA KUYASEMA

Katika kelele zote zile, kazi yake hakuna aliyeizungumza. Wanafunzi, hapa sikilizeni vizuri.

Agosti 2007 alifika nafasi ya 27 duniani kwa mchezaji mmoja mmoja. Kisha mwili ukamgomea. Goti lilipasuliwa, na mwaka 2008 kifundo cha mkono wa kulia, mkono wa kazi, kikapasuliwa. Wengi wangeishia hapo. Yeye alijitazama akaona alichobakiwa nacho, na mwaka 2013 akaacha kabisa kucheza peke yake, akabaki na mchezo wa wawili wawili. Watu wakasema ameshuka. Tarehe 13 Aprili 2015 akawa namba moja duniani katika mchezo huo, mwanamke wa kwanza wa India kufika hapo, na kwa jumla akakaa juu wiki 91. Yeye na Martina Hingis wa Uswisi walishinda mechi 41 mfululizo kati ya 2015 na 2016, wakachukua Wimbledon, Marekani na Australia. Ukijumlisha na mataji ya mchanganyiko wa mwanamme na mwanamke, ana makombe sita ya mashindano makuu manne ya dunia.

Oktoba 2018 alijifungua mtoto wa kiume. Januari 2020 akarudi uwanjani na mashindano yake ya kwanza, Hobart, akashinda. Aliagana na tenisi Dubai, Februari 2023. Na toka 2013 ana chuo chake cha tenisi Hyderabad, watoto wanafundishwa.

Subira hii, kupangilia wakati huku, kukubali mlango mmoja umefungwa na kutafuta mwingine bila ya kukata tamaa, hivi si ndivyo tunavyowasomea watoto katika madrasa kila jioni? Hekima ni potevu la Muumini, husema wakubwa zetu. Twaweza kuichukua hekima na kuiacha sketi.

TURUDI MAJUMBANI

Sasa tuwaulize akina baba. Binti yako wa miaka kumi na mbili anakimbia kuwashinda wote shuleni. Siku moja unamwambia: "Basi, umeshakuwa mkubwa, michezo hakuna." Sawa, umehofia sitara yake, na hofu yako ni ya haki. Lakini umempa nini badala yake? Umemtafutia mwalimu wa kike? Umemshonea suruali pana na juba la mazoezi? Umezungumza na shule wapewe saa yao peke yao? Hukufanya lolote. Umefunga mlango na ufunguo umeutupa, kisha unakiita kitendo hicho dini.

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alishindana mbio na mkewe Bibi 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa) safarini, baada ya kuwaambia Maswahaba watangulie. Mara ya kwanza Bibi akamshinda, na mara nyingine baadaye Mtume akamshinda yeye, akamtania kuwa amelipa deni. Imo katika Sunan ya Abu Daawuud. Tazameni hekima yake: mchezo upo, furaha ipo, na sitara ipo, kwani wanaume walitangulizwa mbele. Hakumwambia akae. Aliwaondoa wanaume.

Na sisi hilo haliwezekani? Tunachangishana mamilioni kwa harusi ya usiku mmoja. Ukuta wa matofali kuzunguka uwanja wa madrasa ni gharama ya mapambo ya ukumbi. Asubuhi mbili kwa wiki zikawa za kina mama na mabinti, mlangoni akasimama mama mtu mzima, ndani akawamo mwalimu wa kike. Mama zetu wanaougua sukari na presha daktari anawaambia wafanye mazoezi, na sisi hatujawapa hata kona ya kutembea bila ya kutazamwa.

Tukishafanya hayo, ndipo tutakuwa na haki ya kumwambia binti: "Usiende kule." Kwani tutakuwa na pa kumwambia aje.

Mwisho, Juni 2024 Sania Mirza alitangaza kuwa anakwenda Hijja, akawaomba watu msamaha na du'aa. Sisi wa 2005, tuliotuma zile picha, je, tumewahi kumuomba yeye?

Tunamuomba Allaah atusamehe tulipopindukia, awahifadhi mabinti zetu kwa sitara, afya na elimu, na atujaalie tuwe wenye kujenga milango kabla ya kuifunga. Aamiyn.

Wabillaahit-Tawfiyq.