Nilipata B ya Kompyuta Bila Kujua Kusevu

Nilijua neno tarakilishi miaka mingi kabla sijaigusa yenyewe. Mwalimu wa Kiswahili alituandikia orodha ubaoni: tarakilishi, kipakatalishi, rununu, baruapepe. Tukakariri, tukayapachika kwenye insha, tukapewa alama. Maabara ya kompyuta ya shule yetu ya upili ilikuwa na mashine kumi na mbili chini ya vitambaa, na ufunguo alikaa nao naibu wa mwalimu mkuu. Ilifunguliwa wageni wakija.

Halafu nikaingia chuo kikuu kusomea teknolojia ya habari. Siku ya kwanza ya kozi ya utangulizi wa kompyuta, mhadhiri akatuangalia akasema, "Nyinyi ni watoto wa dijitali, haya ya mwanzo mnayajua." Akaruka. Tulikuwa zaidi ya sitini na hakuna aliyeinua mkono. Kwani wewe ungeinua?

Hilo jina, watoto wa dijitali, ndilo nataka tulizike.

Jubilee walipokuwa wakitafuta kura mwaka 2013, waliahidi laptopu kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Wao walikuwa dijitali, wapinzani wao analojia. Vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016 vilikuwa tableti, tena za watoto wa madarasa ya chini. Mimi mwaka wa ahadi nilikuwa darasa la tano. Sisi tulipewa jina tu. Huko shule ya upili, somo la kompyuta kwenye KCSE ni la hiari, na shule isiyo na mashine wala mwalimu wake hailifundishi, basi. Kwa hivyo mtu anaweza kumaliza miaka kumi na miwili ya masomo bila kuandika sentensi hata moja kwenye kibodi. Hata kozi yenyewe ya chuo, wengi wetu hatukuichagua kwa mikono yetu. Uliketi kando ya jamaa wa saiba, akakufungulia tovuti ya KUCCPS, akabofya yeye, ukalipa, ukaenda nyumbani.

"Lakini si mna simu?" Tunazo. Na simu imetengenezwa ili usijisumbue kujua faili yako inakaa wapi. Picha zinajipanga zenyewe, na unachoandika kinajihifadhi. Kompyuta ya maabara inakuuliza maswali: nihifadhi wapi, kwa jina gani, ndani ya folda ipi?

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu. Niliandika kwa kidole kimoja, karibu saa mbili. Nikitaka herufi moja kubwa nawasha Caps Lock, naandika, nazima. Kichwa nilikisukuma hadi katikati kwa kugonga kitufe cha nafasi kama mara ishirini. Nilipofunga, mashine ikaniuliza kama nataka kusevu. Nikabonyeza hapana. Si nilikuwa nimemaliza? Jamaa wa kando yangu alicheka mpaka akaita wenzake waje waone. Alikuwa ametoka shule ambayo maabara yake hufunguliwa. Hakunishinda akili, msee alinitangulia miaka minne tu. Lakini kuanzia siku hiyo sikuuliza swali lolote mle ndani, na sikuwa peke yangu.

Tulikuwa na matarajio makubwa, usicheze. Mimi niliamini nikifika mwaka wa pili nitakuwa nimeunda app na nimeshaiuza. Kuna waliokuja kujifunza kuhack. Msichana mmoja alitaka kitu kimoja tu: ajue Excel ili ampangie mamake hesabu za duka. Ndiye aliyekuwa na sababu nzuri kuliko sisi sote, na kozi haikumpa hata hiyo. Tulipewa vizazi vitano vya kompyuta. Tulipewa Charles Babbage. Tulipewa valvu za kioo na tofauti ya RAM na ROM. Mwishoni tukafanya mtihani wa kompyuta kwa kalamu, kwenye karatasi. Nilipata B.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Ile B haikuwa zawadi, ilikuwa blanketi. Ilifunika nisichokijua hadi mwaka wa pili, kwenye kozi ya kuandika programu. Mashine inasema haioni faili. Mimi pia siioni. Mhadhiri anadhani programu zimenishinda, kumbe zilizonishinda ni folda.

Niliacha chuo mwaka huo. Sitadanganya kwamba ni maus iliyonifukuza, ni karo. Lakini pesa zikianza kukosekana, mtu hujiuliza kama anachokilipia kinamfaa, na mimi jibu nilikuwa nalo.

Aliyenifundisha kompyuta ni mathe wa saiba karibu na geti la chuo hichohicho, aliyeniajiri kuchapa watu CV. Wiki mbili tu. Siku ya kwanza aliniuliza, "Kijana wangu, ukiandika kitu hapa, unadhani kinaenda wapi?" Nikasema sijui. Akavuta kiti, tukaanzia hapo. Halafu nikaanza kuona makomredi wa mwaka wa kwanza wakiingia mmoja mmoja jioni, wakiongea chini chini, wakilipa ili waonyeshwe jinsi ya kuambatisha faili kwenye baruapepe. Walikuwa wameshalipia somo hilo kwenye karo.

Najua mtaniambia chuo kikuu si chekechea, na YouTube iko. YouTube inataka bando, na ukiitazama kwa simu inakuonyesha kibodi usiyo nayo. Na kama chuo si chekechea, basi kikatae kusajili mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta, kiseme hivyo waziwazi. Hakithubutu, kwa sababu karo yake inahitajika.

Ninachodai si kikubwa. Wiki ya kwanza, kila mtu akae mbele ya mashine, aandike ukurasa mmoja, auhifadhi, auzime, autafute tena. Bila alama. Mhadhiri ataona mwenyewe nani anajua na nani anaigiza. Babbage anaweza kungoja, amengoja tangu karne ya 19. Maabara zibaki wazi jioni, kuwe na mtu wa kuulizwa. Na mtihani wa kompyuta ufanyiwe kwenye kompyuta, jamani.

Nawe uliyesoma shule yenye maabara, ukiona mwenzako anabonyeza hapana, mshike mkono kabla hajabonyeza. Septemba wengine wanaingia. Wamo watakaonyamaza kama mimi, na wengine wao watapata B.