Tiketi ya usingizi: Nani ana haki ya kupumzika?

Fikiria unaingia jumba la sanaa, na badala ya kuambiwa "usiguse", unaambiwa uvue viatu ulale. Taa zimepunguzwa, mito imetandazwa sakafuni, muziki unacheza polepole. Hakuna hotuba. Kazi yako ni moja tu: kupumzika.

Si mzaha. Jijini Atlanta, Marekani, msanii Tricia Hersey alianzisha The Nap Ministry mwaka wa 2016, akawa anawakusanya watu walale pamoja mchana kweupe. Hoja yake ni nzito kuliko inavyosikika. Mababu zake walifanyishwa kazi kama mashine enzi za utumwa. Kwa hivyo mtu Mweusi anayelala bila kuomba radhi anakataa kupimwa kwa jasho lake pekee. Mwaka wa 2022 aliyaandika hayo katika kitabu, Rest Is Resistance.

Wasanii Navild Acosta na Fannie Sosa nao walikuja na Black Power Naps, wakiongozwa na tafiti zinazoonyesha kuwa Wamarekani Weusi hulala saa chache kuliko Wazungu. Mapema 2023 kazi hiyo ilifika MoMA, jumba maarufu la sanaa ya kisasa New York. Kulikuwa hata na kitanda kilichojaa maharagwe meusi, unajilaza humo ndani.

Safi. Lakini tiketi ya mtu mzima MoMA wakati huo ilikuwa dola 25, zaidi ya Sh3,000. Mlinzi aliyekesha langoni na mama anayefagia ofisi alfajiri, wale wenye usingizi hasa, wangefika kweli?

Hebu tulete hii stori Nairobi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka kwa malipo kamili. Kwenye karatasi tuko sawa. Shida ni kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini iko katika sekta ya jua kali. Ukiwa na bodaboda ya mkopo, off yako ni hasara, maana anayekudai hajui Jumapili. Kijana kama huyo ukimwambia "jipende, pumzika kidogo", ni kama unamcheka.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema vikao hivi ni vya watoto wa mabwanyenye tu. Sisi tumelelewa kwa wimbo wa hasla hadi tunaona aibu kusema tumechoka. Mkilala watu thelathini chumba kimoja, unagundua uchovu si uvivu wako wewe binafsi. Ni wa wengi, na una chanzo.

Tena jiji hili limewahi kupigania pumziko. Mwaka wa 1989, marehemu Profesa Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Alitukanwa, lakini mradi ukafa. Alichookoa ni nyasi ambazo mtu asiye na bustani kwake anaweza kujilaza bila kulipa. Pita Jeevanjee saa ya lanchi uone: watu wamejinyoosha, kofia usoni, viatu pembeni. Hicho ni kikao cha pumziko pia, ila hakina bango.

Kwa hivyo jumba la sanaa likikualika ulale, nenda, na ulale vizuri. Lakini ukiamka, uliza. Kiingilio ni pesa ngapi? Jumanne saa nane mchana, nani yuko huru? Na yule dada atakayebaki akiokota mito na kupiga deki, wiki hii amepata off?