Tumemgeuza Abunuwasi Kuwa Kituko

Niseme mapema ninachokipinga, ili asiyependa ubishi aende zake. The Big Bang Theory si komedi ya watu wenye akili. Ni komedi ya kuwacheka watu wenye akili. Na komedi zetu za Afrika Mashariki, ambazo wengi wetu tunazitetea kwa kuwa ni za nyumbani, zimefanya vibaya zaidi: zimemfuta mwenye akili kabisa, zikabakiza suti yake tu.

Kuna atakayesema nimechelewa. Tamthilia yenyewe ilianza kurushwa na CBS ya Marekani Septemba 2007 na kuisha Mei 2019, sizoni 12, vipindi 279. Lakini huku kwetu Mzinga, chini ya Milima ya Uluguru, kitu hakiishi kwa sababu tu kimeisha Marekani. Kinahamia kwenye flashi. Nenda duka lolote la kukopi muvi hapa Morogoro, kijana atakuwekea sizoni zote 12 huku anapokea simu. Na wateja wake wakubwa ni wanafunzi, maana huu ni mji wa wanafunzi. SUA iko hapa. Chuo Kikuu cha Mzumbe kiko hapo barabarani. Sekondari ya Mzumbe na ya Kilakala, shule za vipaji maalumu ambazo watoto huingia kwa kuchujwa, zote ni za mkoa huu. Kwa maneno mengine, sisi ni mji wa vipanga.

Kwa msomaji wa Nairobi au Muscat: kipanga ni ndege, jamaa yake mwewe, lakini shuleni Tanzania ni yule anayeongoza darasa, anayepiga msuli wenzake wakikoroma, anayemuuliza mwalimu swali ambalo mwalimu hakulitaka. Kinyume chake ni kilaza. Hebu litazame hilo neno. Lugha ya wanafunzi, lugha ya watoto wenye njaa mabwenini, ilipotaka kumwita mwenye akili ilimpa mabawa na macho makali. Televisheni ya Marekani ilimpa nini? Steve Urkel wa Family Matters, tangu 1989: suruali imepandishwa hadi kifuani, miwani minene, sauti ya kukwaruza, na kila anachogusa kinavunjika.

Sasa tuje kwa Sheldon na wenzake. Watetezi wa tamthilia hii hupenda kukumbusha kwamba sayansi yake ni ya kweli. Ni sahihi. Watengenezaji walimwajiri mwanafizikia wa UCLA, David Saltzberg, awakagulie maneno na hesabu zilizoandikwa kwenye ubao wa pale sebuleni. Hesabu ziko sawa. Lakini jiulize: ni utani gani mle ndani unaohitaji hesabu hizo? Fanya jaribio hili, halikugharimu kitu. Chukua kipindi chochote, msikilize Sheldon akitamka sentensi ya fizikia, halafu hadhira ya studio inaangua kicheko. Ondoa kicheko kichwani mwako. Kilichobaki ni sentensi ya fizikia. Hakuna mzaha. Watu wamecheka kwa sababu mtu amesema kitu wasichokielewa, na kutokuelewa kwao kumehesabiwa kuwa aibu yake yeye. Ubao ule ungejazwa mapishi ya pilau, vicheko visingepungua hata kimoja.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Maarifa yamewekwa pale kama zuria la ukutani. Ni pambo.

Kisha wanawake. Penny ni mrembo, kwa hiyo hajui kitu. Amy anajua, kwa hiyo anavalishwa sweta la bibi na sketi ya godoro. Amy ni mtaalamu wa ubongo katika hadithi, na Mayim Bialik anayemwigiza ana shahada ya uzamivu ya sayansi ya ubongo kweli kweli, ya UCLA. Yaani walimpata mwanasayansi halisi, mwanamke, mchekeshaji mzuri, wakaona kazi yake kubwa iwe kutopendeza. Mtaniambia ni tamthilia tu. Jirani yangu ana binti wa kidato cha tatu. Siku moja mezani alisema mwezi hauna nuru yake, unaakisi ya jua. Kaka zake: "Sheldon huyo!" Vicheko. Siku hizi nikimsikia anaongea, huanza na "sijui kama ni kweli, lakini…" kwa mambo anayoyajua kabisa. Wale kaka hawana ubaya wowote. Wamefundishwa tu ni wakati gani wa kucheka.

Howard naye simwachi. Katika wale wanaume wanne, ndiye pekee asiye na uzamivu. Ana uzamili wa uhandisi wa MIT, na kwa hilo anasimangwa miaka 12. Amebuni choo cha kwenda anga za juu. Ameenda anga za juu mwenyewe. Bado ni wa kuchekwa, kwa sababu anatengeneza vitu badala ya kuvifikiria. Mtu wa hapa kwetu asikie harufu ya jambo analolijua: ile dharau ya mwenye cheti kwa fundi. Tulikuwa nayo ya kutosha, hatukuhitaji kuagiza nyingine kutoka California.

(Mwaka 2015 waigizaji na watengenezaji walianzisha mfuko wa kuwasomesha wanafunzi wa sayansi pale UCLA. Jambo jema. Mimi nazungumzia utani wao, sio sadaka yao.)

Basi turudi nyumbani, na hapa najua nitapata matusi. Nimecheka sana na Ze Orijino Komedi, tangu walipokuwa Ze Comedy pale EATV. Nimecheka na Mizengwe ya ITV, na Futuhi ya Star TV. Marehemu King Majuto alikuwa na uwezo wa kuchekesha kwa kusimama tu mlangoni. Sina ugomvi na vipaji vyao. Lakini nitajieni mhusika mmoja katika komedi za televisheni ya Tanzania ambaye anajua kitu, anakipenda kile kitu, na utani unatoka ndani ya kile kitu. Mmoja. Nasubiri.

Tulichonacho ni msomi. Mnamjua: koti kubwa kuliko mabega, tai fupi, mkoba usio na karatasi, Kiingereza kilichopinda. Anaingia kijijini, anatamka neno refu, wazee wanatazamana, sisi tunavunjika mbavu. Kenya wana suti hiyohiyo. Katika Papa Shirandula ya Citizen TV, marehemu Charles Bukeko aliigiza mlinzi wa getini anayemwaminisha mkewe kuwa ni mtu wa ofisini. Anatoka nyumbani na suti, anafika kazini anabadili. Ule ulikuwa utani mzuri, tena wenye uchungu ndani yake, kwa sababu ulijua unachokicheka: tunavyoabudu vazi la ofisi. Ila angalieni pia kwamba ndani ya suti ile hamna msomi. Kuna mtu anayeigiza msomi. Karibu kila mara, kwenye skrini zetu, ndani ya suti hamna mtu anayejua.

Sitaki kumwonea mchekeshaji. Kicheko hicho kina historia, na mwanzoni kilikuwa cha haki. Baada ya uhuru watu waliwaona wenzao wakikalia viti vya wakoloni, wakiongea kama wakoloni, wakiendesha magari kama yao, wakawaita manaizi. Kumcheka naizi ilikuwa silaha ya mnyonge. Alikuwa na ofisi, na wewe ulikuwa na kicheko. Sasa yule naizi amestaafu zamani. Suti imebaki inatembea yenyewe, na kicheko kinamwangukia mtoto wa kidato cha tatu mwenye miwani, ambaye hana ofisi, hana gari, ana daftari.

Na kuna hili la lugha, ambalo kwa wapenzi wa fasihi ndilo lingepaswa kutuuma zaidi. Kwa kuwa sekondari zetu husomesha kwa Kiingereza, komedi zetu zimechukulia kwamba kujua na kusema Kiingereza ni kitu kimoja. Anayejua ni anayechanganya maneno ya kizungu. Anayeongea Kiswahili safi ni mzee wa kijiji, mwenye busara, lakini busara ya methali tu. Matokeo yake hujawahi kumsikia mtu kwenye komedi akieleza kwa Kiswahili, kwa raha, kwa mikono kurukaruka, kwa nini injini ya bodaboda inakohoa. Wakati vijana wa namna hiyo wamejaa kila kijiwe! Mpe mmoja dakika tano uone kama hutacheka, na uone utakuwa unacheka naye au unamcheka.

Maana sisi tulikuwa na komedi ya mwenye akili kabla ya televisheni haijafikiriwa. Tulikuwa na Abunuwasi. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo: sufuria yako imezaa. Jirani anapokea kwa furaha, hana swali. Anaazima tena, safari hii hairudi: sufuria yako imekufa. Jirani anapiga kelele, sufuria inakufaje? Na ile ya maskini aliyekula mkate wake kwa harufu ya nyama ya mwenzake, akadaiwa pesa. Abunuwasi akalipa harufu kwa mlio wa sarafu. Tazama utani huu ulivyojengwa. Ni mantiki tupu. Usipoielewa hoja, hakuna cha kucheka. Anayechekwa ni mwenye mali aliyekubali upuuzi ulipomfaidisha. Sungura wetu naye ni hivyo hivyo. Hakuna bibi aliyewahi kumsimulia mjukuu wake kwamba Sungura ni kituko kwa sababu ana akili.

Fasihi andishi ikaendelea nalo. Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, alimpa kiko, ukimya na tabia ya kuona vidogo ambavyo wengine wamevikanyaga. Huyo ni kipanga kamili. Ana mambo yake ya ajabuajabu, na Najum rafiki yake, kama sisi wasomaji, yuko hatua kadhaa nyuma. Tunatabasamu kwa sababu tumepitwa, na kupitwa kule kuna utamu wake. Vitabu vile vilisomwa na watu waliomaliza darasa la saba na watu wa chuo kikuu. Hakuna aliyesema ni vigumu.

Kwa hiyo asiniambie mtu kuwa komedi ya mwenye akili haiwezekani au haiuzi. Hata Waingereza wameiweza, kwenye The IT Crowd ya Channel 4. Mafundi wawili wa kompyuta wamefungiwa chini ya jengo la kampuni, na bosi wao Jen hajui kompyuta ni nini. Katika kipindi kimoja cha 2008 wanampa kisanduku cheusi chenye kitaa chekundu, wanamwambia hii ndiyo intaneti, yote, wameiazima kwa muda. Wanataka aumbuke mbele ya wanahisa. Jen anakwenda jukwaani, anakionyesha. Ukumbi mzima unaamini! Kisanduku kinapovunjika, wenye mali wanapagawa wakidhani intaneti imekufa. Jamani, hiyo si sufuria imezaa? Ni ileile. Waliojua wametega, wenye pesa wamenasa, na anayejua intaneti ni nini ndiye anayecheka zaidi. Tamthilia ile ina mapungufu yake, na ina vipindi ambavyo singemwonyesha mtu, lakini hapo ilimkumbuka Abunuwasi bila kumjua.

Mtayarishaji wa Dar es Salaam anayetafuta wazo, nampa la bure, tena la hapa mtaani kwetu. Pale SUA, tangu mwaka 2000, kuna shirika la APOPO linalofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Watu wazima, wenye shahada, wanaamka alfajiri kumfunza panya kwamba akisikia mlio fulani anapata chakula. Panya anafungwa mkanda kama mbuzi, anatembezwa nyasini. Mwingine ananusa sampuli 100 za makohozi kwa dakika kama 20, kazi ambayo mtaalamu wa maabara na hadubini yake angeifanya kwa siku kadhaa. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa hapa Morogoro, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na milipuko zaidi ya 100, na Septemba 2020 Waingereza wa PDSA wakamvika medali ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Uzito wake haukutosha kulilipua bomu. Alistaafu. Panya alistaafu, na wapo binadamu hapa mjini wanaohangaika kufuatilia mafao yao.

Sasa mweke kijana wa kazi hiyo mbele ya wakwe, siku ya kupeleka barua ya posa. "Mwanangu, unafanya kazi gani?" Ajibu. Baba mkwe aulize, "Hao panya, mnawaua saa ngapi?" Aeleze, kwa Kiswahili, taratibu, kwa nini panya hufa moyo asipopata ndizi yake kwa wakati, na kwa nini pua yake inaona kile ambacho kioo cha maabara kimekikosa. Mjomba wa binti, ambaye amekohoa tangu sebuleni, aanze kumsikiliza kwa makini kuliko wote. Halafu aulize kwa sauti ya chini kama huyo panya anaweza kuja kesho.