Sisi Wauguzi Nasi Tupimwe

Mzee aliingia wodini jana akili zake timamu. Usiku huu anapayuka, anang'oa dripu, hamtambui mwanawe. Huko ni kuweweseka kwa ugonjwa. Huletwa na malaria kali, nimonia, upungufu wa maji, sukari kushuka, hata na dawa zenyewe. Si wazimu, wala si pepo.

Tangu 1990 kipo kipimo kifupi cha kumtambua mgonjwa huyu, kilichotungwa na Dkt. Sharon Inouye na wenzake huko Marekani. Lakini moyo wa muuguzi unapimwaje? Kwa kawaida tunapewa dodoso: "Wagonjwa hawa hunichosha. Nakubali, sikubali." Nani atajiandikia ubaya? Mimi ningesema yasomwe mafaili. Zamu moja ya usiku niliandika "mgonjwa msumbufu", nikamfunga mikono kitandani. Asubuhi mwenzangu alimpapasa tumbo, kumbe kibofu kimejaa. Alipowekewa mpira wa mkojo akatulia, na kesho yake akaniuliza jina langu. Neno lile limebaki katika faili lake, kwa mwandiko wangu.

Yupo pia anayeweweseka kimya, amelala tu, chakula hataki. Huyo tunamsifu kuwa mtulivu, na ndiye anayetupita mara nyingi.

Basi ninyi mnaouguza, mkimwona mgonjwa wenu amebadilika ghafla, semeni: "Sista, baba hayuko hivi siku zote." Mkijibiwa ni uzee tu, ombeni daktari aitwe.